Hali ya hewa ya anga za juu: maana yake na ugumu wa kuitabiri

Jina lisikupoteze, huko juu hakuna mvua wala ngurumo. Hali ya hewa ya anga za juu ni misukosuko ambayo Jua huileta katika anga linaloizunguka Dunia, kupitia miale ya eksirei, chembe zenye chaji, na upepo wa jua unaovuma usiku na mchana ukiwa umebeba uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi.

Misukosuko mikubwa huanzia mara nyingi penye madoa meusi ya Jua, ambako nguvu za sumaku hujisokota hadi zikafyatuka. Hapo hutokea mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mlipuko wa mwanga. Huu hutufikia kwa dakika 8 hivi, na hauna onyo, kwani ukiuona umeshafika. Redio za mawimbi mafupi upande wenye mchana hufifia papo hapo. La pili ni wingu la gesi yenye chaji, lenye uzito wa mabilioni ya tani, linalosafiri kwa saa 15 hadi siku kadhaa. Wingu hilo ndilo mama wa dhoruba ya sumaku, yaani kutikisika kwa uga wa sumaku wa Dunia, ambako huweza kusukuma mikondo ya umeme ndani ya nyaya za gridi.

Watabiri wa kituo cha hali ya hewa ya anga za juu kilichoko Boulder, Colorado, nchini Marekani, hukesha kwa zamu wakiliangalia Jua. Picha za satelaiti zikionyesha wingu linachomoka, wanakokotoa kasi yake na kukadiria litafika lini. Kisichoonekana pichani ndicho chenye uzito kuliko vyote: uga wa sumaku uliomo ndani ya wingu umeelekea wapi. Ukielekea kaskazini, ngao ya sumaku ya Dunia hulikinga kwa sehemu kubwa. Ukielekea kusini, unaungana na ule wa Dunia, ngao inafunguka na nishati inamiminika ndani. Jibu hupatikana wingu linapozipita satelaiti kama ACE, iliyorushwa mwaka 1997, ambazo hukaa kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia, upande wa Jua. Hapo mtabiri amebakiwa na dakika 15 hadi 60 tu. Ni muda mfupi mno kwa mtu anayelinda gridi ya umeme ya taifa zima.

Dhoruba hizi hupimwa kuanzia G1, iliyo ndogo, hadi G5, iliyo kali kuliko zote. Machi 13, 1989, umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, ulizimika katika muda usiofika dakika mbili, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Mei 2024 ilikuja G5 ya kwanza tangu Oktoba 2003, na wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya kupanda mahindi wakasimamisha matrekta, maana GPS inayoyanyoosha kwenye mistari ilikuwa imepotea njia.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna jambo letu, na halingoji dhoruba. Jua likishatua, viputo vya hewa nyepesi yenye chaji hupanda ndani ya ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chaji, na kuyumbisha mawimbi ya satelaiti, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, katika miaka ambayo Jua limechangamka. Kipimo cha G hakivihesabu. Mpima ardhi anayemalizia kazi baada ya magharibi anaweza kuona kifaa chake kikipoteza satelaiti moja baada ya nyingine, ilhali mbingu ni nyeupe na taarifa ya siku hiyo inasema kuko shwari.