"Gari gumu": gumu kwa nani?

Juzi kwenye gereji moja ya Kizota, Dodoma, fundi bodi alikuwa akigonga mlango wa Corolla ya miaka ya tisini huku akimwambia mwenye gari: "Hili gumu, mzee wangu. Ukivaana na hivi vigari vya sasa, wewe unashuka unajikung'uta vumbi." Mzee akacheka kwa raha. Mimi nimeshalisikia neno hilo mara nyingi mno.

Kwa kifupi, gari linalolinda watu ni lile linalokunjika mbele na nyuma, huku chumba cha abiria kikibaki kama kilivyo. Likisimama kwa kukunjika sentimita 60 badala ya 20, nguvu inayokupiga inashuka hadi theluthi. Wazo hilo lilipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1952 kupitia Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. "-gumu" limebebeshwa mengi: jiwe gumu, mtihani mgumu, mkono mgumu usiotoa hata mia, kitambaa kigumu. Mtu wa Dodoma akisema gari gumu (mtaani tunasema "gari ngumu", wenye sarufi watusamehe), kwa asili anawaza kitambaa: halichakai. Linapakia magunia ya karanga, linapita njia za vumbi za Mpwapwa, linarudi na springi zake zote. Peugeot 504 ilipata sifa hiyo, na ilistahili. Sasa sifa hiyo ya kitambaa imehamishwa kimyakimya ikawa ya jiwe: kwa kuwa halichakai, basi halidhuriki, na aliyemo ndani naye hadhuriki. Hapo ndipo ninapokataa. Boneti isipokubali kukunjika, mshtuko hautoweki. Unapita hadi kifuani kwako. Nalo "bodi" kwa Kiingereza ni mwili tu. Katika ajali miili iko miwili, na fundi ananyoosha mmoja.

Mwaka 2009 taasisi ya Marekani iitwayo IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 hivi kwa saa. Bel Air lilikuwa pande la chuma hasa. Chumba chake kikaporomoka. Kwa vipimo vya mwanasesere wa majaribio aliyewekwa kwenye usukani badala ya mtu, dereva angekufa. Wa Malibu angeumia mguu.

Corolla ya mzee si Bel Air, nisiionee. Yenyewe ilibuniwa baada ya wahandisi kulielewa jambo hili. Ila umri nao una yake: chini ya milango kutu ilikuwa imeshakula bati, na fundi alikuwa akipaziba kwa puti. Puti inapendeza ikipakwa rangi, lakini haibebi chochote.

Nikaomba nitazame siti ya nyuma, wanakokaa wajukuu. Mikanda ilikuwa imefukiwa chini ya kava, haijavutwa siku nyingi. Mkanda wa pointi tatu ni kazi ya Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959, rika moja na lile Bel Air.

"Gumu kweli, mzee," nikamwambia, "kwa njia ya Mpwapwa. Kwa ajali, tuanze kwa kuufukua huu."