Siku za Mazingira: Yanayosemwa Nairobi na Yaliyotokea

Kalenda ya Nairobi imejaa siku za mazingira. Machi 3 ni Siku ya Mazingira ya Afrika, ambayo pia ni siku ya kumkumbuka Wangari Maathai. Aprili 22 ni Siku ya Dunia, Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, Septemba 16 ni Siku ya Ozoni. Na tangu 2024, ile Oktoba 10 ambayo wengi bado wanaiita Moi Day imegeuzwa kuwa Mazingira Day. Nyingi kati yake huacha nyuma fulana, kofia na picha ya mheshimiwa aliyeshika jembe ambalo halijawahi kugusa udongo.

Ukiuliza watu mjini kama siku hizi zina faida, utapata majibu ya aina mbili: ni porojo tupu, au nchi itaokolewa nazo. Historia ya jiji hilihili inayapinga yote mawili.

Dhana: Siku hizi hazijawahi kubadilisha kitu

Zimebadilisha, ingawa mara chache, na cha kuangaliwa ni namna ilivyotokea. Siku ya Dunia ya kwanza, Aprili 22, 1970, iliwatoa Wamarekani wapatao milioni 20 mabarabarani na vyuoni. Kabla mwaka huo haujaisha, Marekani ilikuwa imeunda shirika la serikali la kulinda mazingira na kupitisha sheria kali ya hewa safi. Ya maji ikafuata 1972. Lakini walioandaa siku ile hawakurudi nyumbani kulala. Uchaguzi wa mwaka huohuo ulipowadia, waliwaorodhesha wabunge 12 waliokuwa na rekodi mbaya ya mazingira, wakafanya kampeni ya kuwang'oa, na saba wakaanguka. Wanasiasa husikia kura upesi kuliko mabango.

Sisi tuna mfano wetu, tena wa karibu. Juni 5, 1977, msafara ulitoka jumba la mikutano la KICC ukaenda hadi uwanja wa Kamukunji, na Wangari Maathai pamoja na Baraza la Kitaifa la Wanawake wakapanda miche saba kwa heshima ya Wakenya saba. Mingi ya ile saba ilikufa. Kwa hesabu ya siku yenyewe, basi, hafla ile ilishindwa. Hata hivyo hapo ndipo lilipoanzia Vuguvugu la Green Belt, ambalo leo linahesabu zaidi ya miti milioni 51 iliyopandwa nchini.

Tofauti ilikuwa nini? Kina mama wa vijijini walipewa kazi ya kuotesha miche katika vitalu vyao wenyewe, na walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche uliopandwa na kushika. Hawakulipwa kwa kuchimba shimo wala kwa kuhudhuria. Mche ukikauka, hakuna malipo. Mpango huo uliupa kila mche mtu wa kuuangalia, jambo ambalo hafla nyingi za leo hazijalifikiria hata kidogo.

Dhana: Watu wakihamasishwa vya kutosha, watabadilika wenyewe

Hii ndiyo dhana inayopendwa zaidi na waandaaji wa makongamano, kwa sababu semina ni rahisi kuliko sheria. Itazame kwa macho ya mfuko wa plastiki.

Hapakuwa na mkazi wa Nairobi ambaye hakujua kwamba juala linaziba mitaro. Tuliliona kila mvua iliponyesha. Mwaka 2007 serikali ilijaribu kuzuia mifuko myembamba, ikakwama. Ikajaribu tena 2011, ikakwama tena. Katika miaka hiyo yote uhamasishaji uliendelea, na kila Juni kulikuwa na hotuba. Kisha Februari 2017 likachapishwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali: kuanzia Agosti 28 mwaka huo, kutengeneza, kuingiza nchini au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni kosa, na faini ni shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mama mboga na supamaketi walibadilika ndani ya wiki chache. Ufahamu wao ulikuwa uleule wa Julai. Kilichoongezeka ni sheria.

Marufuku yenyewe ina mianya. Mifuko bado inapenyezwa mipakani, na ukizunguka sokoni asubuhi na mapema utaiona. Lakini hakuna anayeweza kusema Nairobi ya leo ina majuala kama ile ya 2016.

Siku ya mazingira ina nafasi yake hapa, ila kama tarehe ya mwisho. Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba plastiki za kutumia mara moja zitapigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa kuanzia Juni 5, 2020. Wenye kambi za mahema mbugani na wauza maji ya chupa walipewa mwaka mzima wa kujipanga, na siku ilipofika haikuhitaji hotuba ili itimize kazi yake.

Dhana: Miti milioni 100 ikipandwa siku moja, tumepata msitu

Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kupanda miti, na lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku hiyo moja, ikiwa sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Nitaisifu kwanza: Novemba ni msimu wa vuli, na mche uliotiwa ardhini wakati huo una wiki kadhaa za mvua mbele yake. Aliyechagua tarehe hiyo aliangalia mawingu.

Linganisha na Juni 5. Tarehe hiyo ilitokana na mkutano wa Stockholm uliofunguliwa siku kama hiyo mwaka 1972, na watu wa Stockholm hawakuwa na sababu ya kufikiria masika yetu. Nairobi, mapema Juni mvua ndefu zinakata na kipupwe kinaingia: baridi, mawingu, na udongo mkavu hadi Oktoba. Kila mwaka shule na kampuni hupanda miche siku hiyo, kisha watu wanaondoka, na hakuna aliyeachiwa ndoo. Kama ni lazima ufanye jambo Juni 5, panda mbegu kitaluni na uchukue miche Novemba. Oktoba 10 nayo iko ukingoni, kwa kuwa kuna miaka mvua za vuli huchelewa, na mche hauwezi kuzisubiri.

Uturuki iliipitia hali hii hadharani. Novemba 11, 2019 walipanda miche milioni 11 kwa siku moja. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kilisema miche mingi katika maeneo waliyokagua ilikuwa imekufa. Serikali ikasema karibu yote iko salama. Ubishi huo ndio ushahidi wangu: hesabu ya siku ya kupanda huwa imetangazwa kabla jua halijatua, ilhali hesabu ya miti iliyoishi inahitaji mtu arudi na daftari, na safari hiyo huwa haina bajeti.

Dhana: Kuzima taa saa moja kunaokoa dunia

Hii ni Earth Hour, ile kampeni ya kila Machi ya kuzima taa kwa saa moja. Kwa Kenya, hapana. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu tayari unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ukizima taa Westlands kwa saa moja, hewa ukaa inayookolewa ni kidogo mno. Hewa chafu ya Nairobi hutoka kwenye magari, takataka zinazochomwa, na mkaa na kuni jikoni.

Dhana: Mada ya mwaka ikichaguliwa, tatizo limeanza kutatuliwa

Siku ya Mazingira Duniani ilikuwa na mada ya uchafuzi wa plastiki mwaka 2018. Ikawa hiyohiyo 2023, na hiyohiyo tena 2025. Machi 2022, hapahapa Gigiri, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa jijini, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa kuukomesha. Mazungumzo yakapita Nairobi tena Novemba 2023, yakafika Busan mwishoni mwa 2024 na Geneva Agosti 2025, na kote huko yakakwama, hasa juu ya swali la kama kiwango cha plastiki kinachotengenezwa kiwekewe kikomo.

Sasa tazama Septemba 16, ambayo hapa mjini inapita bila hata fulana moja. Ni kumbukumbu ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kuhusu kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni. Siku yenyewe ilitangazwa na Umoja wa Mataifa 1994, miaka saba baada ya mkataba. Karibu asilimia 99 ya kemikali hizo zimeondolewa, na sekretarieti inayousimamia mkataba huo iko Gigiri. Huko kazi ilitangulia, sherehe ikaja baadaye.

Dhana: Usafi wa Mto Nairobi ni suala la kujitolea Jumamosi moja

Wanaojitolea wanastahili shukrani, lakini takataka wanazozitoa mtoni zinapelekwa Dandora, jaa lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001. Bado linapokea malori kila siku. Kwa mujibu wa katiba, uzoaji taka ni jukumu la kaunti, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Ukizitenganisha kisha lori likazichanganya, umefanya kazi bure. Wenye ploti wasiounganisha vyoo na bomba la majitaka hawafikiwi na ufagio wowote.

Dhana: Mwananchi hana la kufanya ila kungoja siku

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walitumia njia hiyo ya mahakama. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikawanyang'anya ushindi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Ombi la namna hiyo hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hapa Nairobi iko Milimani na hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa.