Je, wajua kwa nini blusha ya koponi si blusha ya shavuni?

Nilinunua blusha ya rangi ya tofali kwa sababu moja tu: ilivyopendeza koponi. Nyekundu iliyoiva, yenye hudhurungi kwa mbali, kama udongo uliotoka kunyeshewa. Nikajipaka, nikatazama kioo, sikuona kitu. Nikaongeza, bado. Rafiki yangu, yeye ni maji ya kunde, akaichukua brashi ileile akajigusa mara moja tu, mashavu yakamwiva papo hapo. Poda moja, brashi moja, dirisha moja. Kilichotofautiana ni shavu.

Ndani ya kopo poda imeshindiliwa. Mwanga ukiipiga haufiki chini. Unagonga chembe za juu na kurudi, hivyo unachokiona ni rangi ya poda peke yake. Shavuni poda hiyohiyo inakuwa utando mwembamba wenye mianya. Mwanga unapenya, unafika kwenye ngozi, unaokota rangi ya ngozi, kisha unapita tena kwenye poda ukirudi machoni. Ni kama mtandio mwepesi: juu ya ukuta mweupe una rangi moja, juu ya gauni jeusi una rangi nyingine, na hakuna anayesema mtandio umegeuka. Kwa hiyo ukiisifu au kuiponda blusha kwa kuitazama dukani, umeitathmini nusu yake. Nusu nyingine umeibeba usoni.

Rangi za joto ni zile zinazoegemea manjano au chungwa: pichi, aprikoti, matumbawe, tofali, shaba. Mara nyingi joto lenyewe linatokana na kitu cha kawaida kabisa, yaani kutu. Oksidi nyekundu ya chuma huandikwa kwenye kisanduku kama CI 77491 (CI ni kifupi cha Colour Index, orodha ya kimataifa ya namba za rangi), ya njano CI 77492, na nyeusi, inayotiwa kidogo ili kupata hudhurungi, CI 77499. Ni ndugu wa udongo mwekundu ambao binadamu amejipaka tangu zama za mawe. Oksidi hizi ni rangi tulivu, haziwaki. Mtengenezaji akitaka chungwa la kuwaka huongeza rangi za maabara kama CI 15850, ambayo ni nyekundu, na CI 19140, ambayo ni njano. Akitaka pichi iliyopauka huongeza titani dioksidi, unga mweupe pepepe, CI 77891. Ukiona CI 75470, hiyo ni kamini, inayotengenezwa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati. Asiyetaka kujipaka mdudu aitafute namba hiyo kabla ya kulipa. Kumbuka tu kwamba rangi huorodheshwa mwishoni bila kufuata kiasi. Namba inakuambia kilichomo, au kinachoweza kuwemo, haikuambii ni kingi kiasi gani.

Sasa turudi kwenye tofali langu. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, humeza mwanga wa kila aina lakini hasa wa buluu; unaobaki kurudi ni ule wa upande wa njano na nyekundu. Ndiyo maana ngozi nyeusi ina joto lake la hudhurungi. Oksidi nyekundu ya chuma nayo humeza buluu na kijani na kuachia nyekundu. Ukiweka ya pili juu ya ya kwanza ni sawa na kuandika kwa wino wa hudhurungi juu ya karatasi ya hudhurungi: maandishi yapo, ila hayasomeki. Juu ya ngozi nyeupe rangi hiyohiyo inasomeka kupita kiasi, na ikizidi inafanana na vumbi ambalo mtu amesahau kulifuta.

Kwa sababu hiyo siafikiani na ushauri kwamba mtu mweusi ashikamane na rangi za udongo na aziogope zinazowaka. Chungwa kali au nyekundu ya matumbawe, inayotisha koponi, ndiyo inayofika juu ya ngozi nyeusi ikaonekana kama damu iliyopanda usoni. Mwenye ngozi nyeupe naye atahitaji chembe chache sana za chungwa hilo, au achague pichi.

Pichi iliyopauka ina mtego wake. Huenda umewahi kuona blusha ikigeuka majivu kwenye ngozi nyeusi, ukadhani ni bidhaa mbovu. Mwenye kosa mara nyingi ni ule unga mweupe. Chembe ndogo za titani dioksidi hutawanya mwanga kwa nguvu, na mwanga wa buluu huutawanya zaidi ya mwekundu. Juu ya kitu cheupe huoni tofauti, kwa kuwa kila mwanga unarudi. Juu ya kitu cheusi ule wa buluu uliotawanyika ndio unaojitokeza. Moshi hufanya vivyo hivyo: utazame mbele ya mlango wenye giza, utauona una ubuluu. Kwa hiyo pichi yenye joto koponi inaweza kuwa ya kijivu shavuni bila yeyote kuichakachua.

Hapo bado hatujazungumzia taa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi: balbu ya manjano ya nyumbani huwa na kelvini 2700 hivi, ilhali mwanga wa mchana ni kati ya 5000 na 6500. Chini ya balbu uso wote unavikwa manjano na chungwa, kwa hiyo blusha ya chungwa haina cha kutofautiana nacho, inazama. Unaongeza, unaongeza, kisha unatoka nje na watu wanakuuliza kama una homa. Simu nayo si shahidi wa kuaminika, maana kamera hujirekebishia weupe wa picha yenyewe na inaweza kuiba joto la rangi au kulizidisha. Jipake karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja. Ukitaka kupiga picha ili ulinganishe baadaye, shika karatasi nyeupe pembeni ya shavu. Ikitoka na rangi kwenye picha, na blusha imedanganywa kwa kiasi hichohicho.

Vidole vinasema nini

Sehemu kubwa ya blusha ya poda si rangi. Ni ujazo: unga wa madini kama talki, mika, kaolini (udongo mweupe laini) na silika, pamoja na gundi nyepesi za kushikisha kama steareti ya zinki au magnesiamu na mafuta kidogo ya silikoni. Talki ndiyo madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, namba 1, kwa kuwa imejengwa kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya lingine. Ukisugua blusha kati ya kidole gumba na cha shahada ikateleza kama hariri, unaisikia talki, au mika iliyosagwa vizuri. Ikikukwama kidogo kama chaki, huenda kaolini imezidi. Kukwama huko si dosari ya moja kwa moja, kwani kaolini hunyonya mafuta.

Ninachokitilia shaka ni ule ulaini wa siagi unaosifiwa sana siku hizi. Poda yenye mafuta mengi hupendeza kidoleni na hutoa rangi nene kwa mguso mmoja, lakini juu ya brashi ni habari nyingine: inatoka kwa mabonge, inatua shavuni kwa doa, na baada ya wiki kadhaa uso wake koponi unakakamaa kama ganda, brashi ikipita bila kuokota chochote. Ganda hilo ni mafuta yaliyomo, yakisaidiwa na mafuta ya ngozi yako yanayorudishwa na brashi kila siku. Bandika kipande cha selotepu juu yake, bonyeza kidogo, vuta. Ganda litatoka nacho.

Poda inayotimka vumbi ukiigusa inalaumiwa kuliko inavyostahili. Imeshindiliwa kwa ulegevu tu. Inachafua meza na itavunjika ikianguka, lakini mara nyingi ndiyo inayosambaa vizuri zaidi usoni. Iliyoshindiliwa mno haivunjiki wala haikupi rangi.

Kidole pia ni mwongo kwa namna yake. Kina mafuta, kinabonyeza, na kinapaka tabaka nene kuliko brashi yoyote, kwa hiyo zile picha za mistari minne ya rangi mkononi zinaonyesha kopo likiwa limehamia mkononi. Upande wa ndani wa mkono, zaidi ya hayo, hupigwa na jua kidogo kuliko uso na mara nyingi ni mweupe zaidi. Jaribu kwa brashi utakayoitumia. Yenye nywele nyingi zilizosongamana huweka rangi nzito; iliyolegea huitawanya.

Mng'ao ni suala la ukubwa wa chembe. Chembe za mika zilizovikwa titani dioksidi, zikiwa chini ya maikromita 25 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hutoa mng'ao wa hariri usioonyesha chembe mojamoja. Zikikaribia unene wa unywele, takribani maikromita 70, unaanza kuona vimetameta vinavyojitegemea, navyo huonyesha wazi kila kitundu cha ngozi. Blusha ya joto iliyopata umaarufu kuliko nyingi ni ya kampuni ya vipodozi ya NARS iliyotoka mwaka 1999, pichi yenye uwaridi na mng'ao wa dhahabu, iitwayo Orgasm (yaani kilele cha tendo la ndoa), jina ambalo wengi huona haya kulitamka mbele ya muuzaji. Mng'ao wa dhahabu unaisaidia kwenye ngozi nyingi kwa sababu unarudisha mwanga wenyewe badala ya kutegemea utando wa rangi. Lakini geuza uso pembeni: ukiona dhahabu tu na rangi huioni, umepaka hailaita, yaani kipodozi cha kung'arisha tu, hukupaka blusha.

Saa sita baadaye

Watu husema blusha “imeoksidika” ikigeuka nzito au ya chungwa zaidi mchana. Kwa blusha ya oksidi za chuma maelezo hayo hayasimami, kwa kuwa kutu imeshaoksidika kabla haijaingia koponi. Kinachotokea ni kile unachokiona ukimwagia maji mchanga mkavu: unakuwa mweusi zaidi, ingawa mchanga haukubadilika. Kati ya chembe kavu kuna hewa, na mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye talki unapinda na kutawanyika sana, ndiyo maana poda kavu ina weupeweupe. Mafuta ya ngozi yakijaza ile mianya, mwanga hautawanyiki tena kwa kiasi kile, weupe unapungua na rangi inakolea. Pichi inasogea kuelekea chungwa, tofali linaelekea hudhurungi. Mwenye ngozi ya mafuta asubiri saa moja kabla ya kuamua kama rangi ni yake.

Kuna kundi moja linalobadilika kweli, rangi za jamii ya fluoresini kama CI 45370 na CI 45410. Hizi hushika kwenye ngozi na kuitia doa. Ukijipaka matumbawe asubuhi, ukanawa jioni ukakuta shavu la waridi lisilotoka, angalia namba hizo kwenye kisanduku.

Kuhusu kudumu, mafuta na jasho hulegeza poda, lakini mashavu hayatoi mafuta mengi kama paji la uso na pua. Adui mkubwa wa shavu ni msuguano: kiganja unachokiegemea, simu, barakoa, taulo, mto. Kabla ya kuandika kwamba blusha imetoweka kufikia adhuhuri, jiulize simu unaiweka upande gani. Jaribio langu ni la kizembe lakini linatosha. Shavu moja ninalipaka juu ya ngozi iliyonawa tu, la pili juu ya fondesheni na poda. Napiga picha dirishani nikimaliza, nyingine saa sita mchana, nyingine jioni, karatasi nyeupe ikiwa pembeni. Siku ya pili nabadilishana mashavu. Ngozi kavu huing'ang'ania poda kwenye magamba yake na kuiachia kwingine, kwa hiyo doa likijitokeza upande wa ngozi tupu pekee, mafuta ya kulainisha ndiyo yaliyokosekana.

Picha ni za lazima kwa sababu jicho huzoea. Ukitazama uso wenye chungwa asubuhi nzima ubongo unaanza kuupunguza, na mchana unaapa kwamba rangi imeisha. Picha zangu za lile tofali zilionyesha kwamba kufikia jioni lilikuwa limekolea kidogo kuliko asubuhi. Lilikuwepo siku nzima, halikuonekana tu. Nimempa rafiki yangu.