Mafuta kwa mwenye kisukari: yapi, na badala ya nini

Mtu akigundulika ana kisukari, cha kwanza kuondoka mezani ni sukari, kisha wanga unapunguzwa. Mafuta hubaki hayana msimamo. Huyu anaambiwa ale bila hofu kwa kuwa hayapandishi sukari, yule anaambiwa ayaogope kama nyoka. Wote wawili wamepewa nusu ya habari.

Wanga ukimeng'enywa unakuwa glukosi, na hiyo ndiyo inayosomwa ukijitoboa kidole. Mafuta yanakuwa asidi za mafuta, ambazo kipimo kile hakizioni. Ndiyo maana watu husema mafuta "hayana sukari". Ni kweli, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, hata yale yanayosifiwa, kina kalori kama 120. Kisukari cha aina ya 2 mara nyingi huenda pamoja na mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho, insulini, homoni inayoshusha sukari, ikashindwa kufanya kazi yake sawasawa, kwa hiyo mkono unaomimina chupa nao una hesabu yake.

Mafuta pia huchelewesha chakula kutoka tumboni. Chukua viazi vya kuchemsha na viazi vile vile vikikaangwa. Vya kuchemsha hupandisha sukari mapema. Vya kukaanga vinaweza kukudanganya: unapima baada ya saa mbili, namba inapendeza, unalala umeridhika, kumbe mlo bado uko njiani na sukari inakuja kupanda usiku wa manane. Anayechoma insulini ya chakula, yaani ile ya wakati wa kula, ndiye anayepata tabu zaidi, kwa sababu dawa imeshafanya kazi yake wakati wanga haujafika. Sukari inaweza kushuka kwanza, ndipo ipande.

Kwa sababu hiyo hiyo, chokoleti si dawa ya sukari iliyoshuka, ingawa wengi huikimbilia. Mikono ikitetemeka na jasho likitoka, kinachotakiwa ni kama gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vidonge vya glukosi, juisi ya matunda au sukari iliyokorogwa kwenye maji, kisha upime tena baada ya dakika 15. Chokoleti ina sukari, lakini mafuta yake yanaichelewesha wakati wewe huna muda wa kusubiri.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, suala la mafuta kwa mwenye kisukari ni la moyo kuliko la sukari. Kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi karibu mara mbili, na hapo ndipo aina ya mafuta inapokuwa na uzito. Yale yanayoganda yakiachwa mezani, kama siagi, samli na mafuta ya nyama, yana mafuta mengi yaliyoshiba, yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Mafuta ya nazi nayo yamo humo, pamoja na sifa zote yanazopewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 22 hivi. Yasiyoshiba ni ya zeituni, alizeti, karanga, parachichi na samaki wenye mafuta.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya transi, yatokanayo na mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni. Denmark iliyawekea kikomo cha kisheria mwaka 2003. Marekani, mwaka 2015, iliamua mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu hayahesabiki tena kuwa salama kwenye chakula. Huko huko Marekani lebo inaruhusiwa kuandika 0 kama kiasi kwa mlo mmoja hakifiki nusu gramu, kwa hiyo kinachostahili kusomwa ni orodha ya viambato.

Sasa swali ambalo watu husahau kuuliza: ukiyatoa, unaweka nini? Aliyeacha siagi akapaka jamu kwenye mkate mweupe hajapata kitu. Bidhaa nyingi "zisizo na mafuta" hurudishiwa ladha kwa sukari au wanga. Aliyeacha siagi akatumia mafuta ya zeituni au karanga, huyo amebadilisha kitu kweli. Uhispania ulifanyika utafiti uitwao PREDIMED, wa watu zaidi ya 7,000, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Walioongezewa mafuta ya zeituni, au kokwa kama lozi, kwenye mlo wa kandokando ya Mediterania walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko wenzao wasioongezewa. Ripoti ya 2013 ilifutwa kwa kasoro za namna watu walivyogawanywa makundi, ikachambuliwa upya na kutolewa tena 2018, na jibu halikubadilika sana.

Wengine hupunguza wanga kabisa na kujaza pengo kwa mafuta. Si jambo jipya. Kabla insulini haijagunduliwa mwaka 1921, kunyima wanga ndiyo ilikuwa tiba. Sukari hushuka kweli, hasa miezi ya mwanzo, ingawa kufikia mwaka mmoja tofauti na milo mingine huwa imepungua. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi azungumze na daktari kwanza, kwa sababu dozi ya jana kwa wanga wa leo inaweza kumshusha sukari mno. Na anayemeza empagliflozini au dapagliflozini, vidonge vingine vya kisukari, ana hatari nyingine, asidi kujaa kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa kasi kwa mtu wa namna hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kipimo kikisoma 9 mmol/L.