Kesi ya kukomoa: dhehebu linapomfuata aliyetoka, na wakili anayelibebea faili

Kesi ya kukomoa wengi tunaijua hata kama hatujawahi kuipa jina. Watu wawili wana ugomvi wa mpaka wa shamba, mmoja ana hela mwingine hana, yule mwenye hela anajua kabisa hoja yake ni dhaifu ila anafungua kesi hivyo hivyo, tarehe inapangwa, inaahirishwa, inapangwa tena, mwenzake kila mara anatafuta nauli, anaacha kazi, anauza mbuzi alipe wakili, mpaka siku moja anasema basi chukua hilo shamba nipumzike. Hapo hakimu hajasema lolote bado. Aliyefungua alikuwa haitaki hukumu, alitaka mwenzake achoke, kwa hiyo njia ya kwenda mahakamani ndo ilikuwa adhabu yenyewe.

Sasa mweke dhehebu kubwa lenye hela pale kwa yule mwenye hela, na mtu aliyekuwa muumini akatoka na ameanza kusema aliyoyaona, mweke kwa yule mwingine. Halafu angalia yule wa katikati ambaye huwa tunamsahau, yaani wakili. Yeye sio muumini, hana kisasi, kaletewa faili na ada. Je ana kosa? Mimi naona swali hili huwa tunalijibu haraka mno, na tunalijibu vibaya, kwa sababu tunachanganya vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni kumwakilisha mtu ambaye jamii inamchukia. Hilo sio kosa, na nalisema kwa moyo wote. Wakati wa Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni kule Kilifi, swali nililolisikia sana ni hili, wakili gani anaweza kusimama na Mackenzie, yule mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo hivyo? Jibu ni kwamba Katiba ya Kenya ibara ya 50 inampa kila mshtakiwa haki ya kuwa na wakili, na bila hivyo hata hukumu ikitoka haina uzito. Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani za mwaka 1983 zinalisema wazi kwenye kanuni ya 1.2, kwamba wakili kumwakilisha mteja sio kuunga mkono siasa yake, misimamo yake ya kijamii na kimaadili wala mwenendo wake. Kule Uingereza mawakili wanaosimama mahakama za juu wana utaratibu unaofanana na zamu ya bodaboda kijiweni, abiria aliyefika ni wako, kama kesi ni ya fani yako, una nafasi na ada ni ya halali basi huruhusiwi kumkataa kwa sababu tu humpendi au watu watakusema.

Na madhehebu yanayosemwa vibaya yanahitaji hiyo kinga kweli. Malawi ya Rais Banda ilipiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967 na watu wakapigwa na kukimbia nchi. Mtu akikuambia kundi likiwa la ajabu lisipewe wakili mkumbushe hao. Hata dhidi ya waliotoka, dhehebu linaweza kuwa na haki yake. Kuna mama mmoja Marekani alitoka kwa Mashahidi wa Yehova, marafiki zake wa zamani wakaacha hata kumsalimia kwa sababu ndo mafundisho yao, akalishtaki dhehebu, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema kumtenga mtu kwa imani kunalindwa na katiba, hakuna fidia. Inauma, mimi nikiisoma namhurumia yule mama, lakini wakili aliyelitetea dhehebu pale hakufanya baya lolote. Alishtakiwa mteja wake, akajibu, akaeleza sheria, basi.

Kitu cha pili ndo hicho cha kukomoa, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni Kanisa la Scientology kule Marekani (linaitwa kanisa ila sio la Kikristo), kwa sababu mwanzilishi wake, L. Ron Hubbard, aliliandika jambo lenyewe. Mwaka 1955 aliwaeleza wafuasi wake kwamba lengo la kesi ni kusumbua na kukatisha tamaa kuliko kushinda. Sio mpinzani aliyemsingizia, ni maneno yake mwenyewe, na majaji wamekuja kuyanukuu kwenye hukumu.

Gerald Armstrong alikuwa mtu wao wa ndani, alipewa kazi ya kukusanya nyaraka za maisha ya Hubbard ili kiandikwe kitabu, na kadiri alivyozisoma ndivyo alivyoona historia waliyofundishwa haifanani na karatasi zilizo mbele yake. Akatoka mwishoni mwa 1981. Mwaka uliofuata kanisa likamfungulia kesi kwa sababu ya nyaraka alizowapelekea mawakili wake. Jaji Breckenridge wa Los Angeles aliamua mwaka 1984 kwa upande wa Armstrong, na kwenye hukumu ile kuna jambo ambalo mimi hulirudia kila nikifikiria kazi ya wakili. Kwenye Scientology kuna kikao ambacho muumini anakaa na msikilizaji anasema yote ya ndani, aibu zake, dhambi zake, mambo ya ndoa, na yule msikilizaji anaandika, karatasi zinaingia kwenye faili lenye jina lako. Ni kama kuungama, tofauti yake ni kwamba maandishi yanabaki. Jaji akasema tabia ya kuyachambua mafaili hayo yanayodaiwa ni ya siri, ili kupata cha kumtishia mtu, ni ya kuchukiza. Sasa jiulize wakili akiletewa faili la namna hiyo na mteja, akaambiwa tumia hili kumhoji kizimbani. Mteja ni wake, faili lipo mezani. Kulifungua au kutolifungua ni uamuzi wake yeye, hawezi kusema katumwa.

Halafu Lawrence Wollersheim. Huyu ndo alishtaki yeye, mwaka 1980, akidai waliyomfanyia yalimvuruga akili na kumfilisi biashara yake. Mwaka 1986 jopo la wananchi likampa dola milioni 30. Waumini wakaandamana na kauli kwamba hatapata hata senti moja. Rufaa ya 1989 ikazishusha hadi milioni 2.5, ikaenda mahakama ya juu kabisa, ikarudishwa, ikaenda tena. Kukata rufaa ni haki na hapo sina neno. Lakini mwaka 1993 kanisa likafungua kesi mpya dhidi yake kutaka ile hukumu ifutwe, na hapo California ilikuwa na sheria mpya ya mwaka 1992 iliyotungwa kwa ajili ya kesi za kukomoa, yaani kesi za kumnyamazisha mtu aliyetumia haki yake ya kusema au kwenda mahakamani. Kesi ikatupwa kwa sheria hiyo hiyo na kanisa likaamriwa kulipa gharama za mawakili wake. Pesa zake alizipata mwaka 2002, na riba zikafika zaidi ya dola milioni 8.6. Miaka ishirini na mbili tangu afungue. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshamaliza shule anatafuta kazi.

Mpaka uko wapi basi? California yenyewe imeweka majukumu ya wakili kwenye kifungu cha 6068 cha sheria ya taaluma, na kuna mistari miwili imefuatana ambayo naona inalibeba jambo lote. Mmoja unasema wakili asichochee wala asiendeleze kesi kwa nia mbovu ya hasira au maslahi. Unaofuata unasema asikatae kamwe, kwa sababu zake binafsi, shauri la asiye na mtetezi au aliyeonewa. Zile kanuni za mfano nazo zinasema hoja iwe na msingi wa sheria na wa ukweli, na njia zako zisiwe zile ambazo hazina kazi nyingine ya maana ila kumdhalilisha, kumchelewesha au kumlemea mtu mwingine. Utaona hakuna mahali wakili anaulizwa mteja wako anaamini nini. Anaulizwa hii barua unayoiandika leo ni ya nini.

Ugumu ni kwamba mara nyingi vyote viwili viko ndani ya faili moja, hoja ya kweli na nia ya kukomoa. Arnaldo Lerma alikuwa muumini akatoka, mwaka 1995 akaweka mtandaoni nyaraka za mahakamani zenye maandiko ya siri ya Scientology, na Agosti mwaka huo watu wakaingia nyumbani kwake Virginia na amri ya mahakama, maafisa wa serikali wakiongozana na mawakili wa kanisa, wakabeba kompyuta yake. Mwishowe jaji alisema ndio, alivunja hakimiliki, akaamriwa kulipa dola 2,500. Lakini jaji huyo huyo, Leonie Brinkema, aliandika kwamba nia kubwa nyuma ya kesi ilikuwa kuzima ukosoaji na kuwamaliza wapinzani. Kwa hiyo wakili alishinda kihalali na bado alikuwa mkono wa jambo baya, mimi sina maneno mepesi ya kulisema hilo. Kulinda maandiko ya mteja ni kazi yake, kwenda kubeba kompyuta ya mtu yenye maisha yake yote kwa ajili ya dola 2,500 nadhani alipaswa kusita.

Na waliotoka sio malaika, wapo wanaoongeza chumvi, wapo wanaodai pesa kwa vitisho, dhehebu likisingiziwa lina haki ya kwenda mahakamani kama mtu mwingine yeyote.

Kuna aina nyingine ya kukomoa ambayo haionekani kwa sababu ina sura ya amani, ni mapatano. Armstrong mwaka 1986 alilipwa dola 800,000 na akasaini kunyamaza kuhusu Scientology, na kila akivunja alipe dola 50,000. Kila mara. Akisema chochote kwa mwandishi wa habari, elfu hamsini, akimsaidia mwenzake mwenye kesi, elfu hamsini nyingine. Baadaye akaanza kusema, wakamfuata, na mwaka 1995 mahakama ikatoa amri anyamaze. Wakili aliyeandika kipengele kile alikaa mezani akachagua ile namba, na mtu wa upande wa pili alikuwa amechoka miaka.

Siku hizi inaanza mapema zaidi, kabla hata ya ugomvi. Muumini anasaini karatasi kwamba mgogoro wowote na kanisa utaenda kwa wasuluhishi, na wasuluhishi ni waumini walio na sifa njema ndani ya kanisa hilo hilo. Mume na mke waliotoka Scientology wakidai kurudishiwa pesa walipelekwa huko, baraza likawapa dola kama 18,000 tu, na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2021 ikakataa kuligusa. Miezi michache baadaye, Januari 2022, mahakama ya rufaa ya California ikasema kinyume kwa wanawake waliodai kusumbuliwa na kufuatiliwa baada ya kutoa taarifa za kubakwa na mwigizaji muumini, kwamba mtu akishaiacha imani, saini ya zamani haimfungi kwa mambo aliyotendewa baadaye yasiyo ya dini. Katiba ya Marekani inalinda haki ya kubadili imani, na kutoka ni sehemu ya haki hiyo.

Karatasi zile hakuziandika kuhani. Ziliandikwa ofisini na mtu aliyesomea sheria, aliyejua kabisa kwamba atakayesaini ana miaka ishirini, amejaa imani, na hajawahi hata kuwaza kwamba siku moja atatoka.