Uzito wa ujazo: mbona boksi jepesi linalipiwa kama zito?

Mtu yuko Lamu anaagiza mito ya kochi China kwa simu, mzigo ukifika Nairobi wakala anamtumia meseji alipie kilo 12, na ile mito hata kilo 3 haifiki, hapo ndo kelele zinaanza kwamba kaibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, katozwa uzito wa ujazo.

Iko hivi. Ndege inaweza kujaa nafasi kabla haijajaa uzito, sasa boksi kubwa la sponji limekula nafasi ambayo mwengine angeweka vyuma, kwa hivo kampuni za mizigo zinapima kilo na pia zinapima ukubwa, halafu unalipia ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Hesabu yenyewe ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5000 au 6000, inategemea kampuni. Boksi la 60 kwa 40 kwa 30 ni 72,000, ukigawa kwa 6000 unapata kilo 12, ukigawa kwa 5000 ni kilo 14.4, boksi ni lile lile! Kwa hivo muulize wakala mapema anagawa kwa ngapi, tafadhali, hilo swali linaokoa pesa kuliko kumbembeleza muuzaji apunguze bei.

Na ushuru unafuata hapo hapo, manake forodha haiangalii bei ya kitu peke yake, wanajumlisha bei na bima, na kwa mzigo wa meli na nauli pia, juu yake ndo inakuja ushuru, halafu VAT 16% inapigwa juu ya vyote hivyo pamoja na nauli, hata ya ndege. Nauli ikipanda na kodi inapanda. Kuna mawakala wanaotoza bei moja kila kitu ndani, sawa, ila hakikisha wamesema hivo.

Kwa meli unalipia ujazo kwa mita za ujazo, mizigo ya watu wengi inachanganywa kontena moja, inachelewa sana lakini kwa vitu vya kujaa hewa ndo nafuu.

Sisi wa kisiwani bado tuna Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe kwenye gati ya bara, kisha boti, kisha punda au mkokoteni, na huko kote boksi kubwa linatajiwa bei kwa macho tu. Kwa hivo mwambie muuzaji aitoe mito hewa na aikunje kabla hajafunga, manake ikishaingia ghala la wakala huko Guangzhou, China, kufungua na kufunga upya unaweza kutozwa tena.