"Msihukumu" na mengine tunayoyasoma nusu

Mstari huu hata asiyekanyaga kanisani anaujua: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Nimeusoma nyuma ya matatu ya Kayole, hapa Nairobi. Nimewahi kuusikia pia ukitoka kinywani mwa mhazini aliyekula pesa za chama, na kikao kizima kikanyamaza.

Dhana: Yesu alikataza kutaja kosa la mtu.

Mhazini yule aliishia mstari wa 1. Ukifika wa 5 wa Mathayo 7, kibanzi hakiachwi jichoni mwa mwenzako, kinatolewa, ila boriti iliyo jichoni mwako itangulie kutoka: "ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako." Na anayemtoa mwenzake kitu jichoni humsogelea mpaka pumzi zikutane, mkono ukiwa mwepesi. Hakuna anayeifanya kazi hiyo akiwa ng'ambo ya barabara. Katika Yohana 7:24 Yesu huyohuyo anaagiza watu wahukumu kwa haki, si kwa macho tu. Kwa hiyo mhazini aulizwe hela ziko wapi.

Dhana: Aliyepatwa na balaa alijitakia.

Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024, maji yakabeba nyumba na watu, niliwasikia waumini wenzangu wakiuliza, "Kwani nani aliwaambia wakae mtoni?" Mmoja akaongeza kwamba Mungu anasafisha pombe ya chang'aa. Luka 13 ina kisa kinachofanana na hiki: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu, akajijibu mwenyewe kwamba sivyo. Tena anayepanga chumba cha mabati kando ya mto hakukosa akili. Alipiga hesabu ya kodi na ya nauli ya kwenda kibaruani.

Dhana: Huruma italegeza vijana.

Hii niliiamini kwa moyo wote. Katika kanisa nililokulia, Eastlands, msichana mmoja wa sauti ya kwanza alipata mimba. Kamati ya kwaya iliketi siku hiyohiyo. Akavuliwa joho, akawekwa kiti cha nyuma mpaka atakapotubu mbele ya washirika wote. Mpiga kinanda, ambaye kila mtu alijua ndiye, Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale akipiga kinanda. Mimi nilikuwa katibu. Kumbukumbu za kikao niliziandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Ilinichukua miaka kuiona Yohana 8 vizuri. Kuhusu uzinzi, Walawi 20:10 inawataja mwanamume na mwanamke pamoja, adhabu moja. Lakini waandishi na Mafarisayo walimleta kwa Yesu mwanamke peke yake, wakisema amefumaniwa, kana kwamba mtu hufumaniwa katika uzinzi akiwa pekee. (Kisa hiki hakimo katika baadhi ya nakala kongwe za Injili ya Yohana. Kanisa halikukitupa, nami nashukuru.) Angalia pia mpangilio wa maneno ya Yesu. Kwanza: "Wala mimi sikuhukumu." Kisha: "enenda zako; wala usitende dhambi tena." Dhambi imetajwa kwa jina lake, lakini imetajwa washtaki wakiwa wameshaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Sisi tuligeuza mambo: toba kwanza, halafu tutaona. Msichana yule hakurudi.

Dhana: Aliyejitoa uhai amelaaniwa, asiombewe.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimnyima mazishi ya kanisa aliyejiua kwa kukusudia. Ile ya 1983 iliyoichukua nafasi yake haikumweka tena katika orodha hiyo, na Katekisimu ya 1992 inakiri kwamba maradhi ya akili na hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusimkatie tamaa. Serikali yetu ilichelewa zaidi. Kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2, mpaka Mahakama Kuu hapa Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Kabla ya hapo, aliyeokolewa alikuwa na haki ya kuogopa askari kuliko daktari.

Dhana: Huruma ni kumwonea mtu uchungu.

Msamaria wa Luka 10, aliyemkuta njiani mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima. Uchungu aliuona, ndiyo, lakini pia alilipa.

Kikundi chetu cha maombi kilienda juzi kwa jirani aliyempoteza kijana wake kwa njia ambayo ploti nzima ilikuwa inainong'ona. Mwenyekiti alikuwa amebeba Biblia na karatasi ya mahubiri. Mama wa nyumba alikuwa amekaa sakafuni. Dada mmoja akatupita sote mlangoni, akachukua ndoo mbili, akashuka ngazi kwenda kuchota maji, maana mfereji wa juu ulikuwa umekauka siku ya tatu. Mwenyekiti akaikunja karatasi yake, akamfuata na mtungi.